Jinsi ya Kufungua Benki Kuu Nyuma ya Kaunta

Mwongozo huu ni wa mwenye duka. Simsemi yule wa duka kubwa lenye mashine ya kuhesabia noti. Nakusema wewe wa soko la Gitega, au wewe uliyepanga magunia kando ya barabara itokayo Muyinga kwenda Kobero: mchele, maharage, katoni ya sabuni, na kopo la maziwa ya unga ulilolifanya kasha la chenji. Kopo hilo unalijua kuliko mtu yeyote. Likitikiswa likalia, siku yako itakwenda. Likinyamaza saa mbili asubuhi, utashinda unagombana na watu usiotaka kugombana nao.

Najua pia unachofanya likinyamaza.

"Mama, chenji sina. Chukua pipi mbili."

"Mwanangu, wajukuu zangu wako Karuzi. Pipi nimpe nani?"

"Basi kiberiti."

"Kiberiti ulinipa juzi."

Mama anachukua pipi kwa sababu gari linaondoka. Hapo umemuuzia kitu asichokitaka, kwa bei uliyoipanga wewe, kwa pesa yake mwenyewe. Wakenya na Watanzania wanalijua hilo vizuri. Waitaliano nao walilijua katika miaka ya 1970, lira ndogondogo zilipoadimika hadi watu wakawa wanarudishiwa peremende, au vile vibati vya kupigia simu za barabarani. Tofauti ni kwamba kibati cha simu kilipokelewa tena popote mjini, lakini pipi ikishatoka dukani hairudi. Mama akija kesho na pipi zake mbili kutaka chumvi, utamfukuza. Kama uko tayari kuzipokea kwa thamani ileile uliyompa, basi tayari umeanza kutoa pesa yako, na inafaa ufundishwe kuitoa vizuri.

Kwanza, vita

Sharti la kwanza sikutakii: kuwe na vita. Wakati wa amani, Burundi ina mtoaji mmoja tu wa pesa, nayo ni Benki ya Jamhuri ya Burundi, ile tunayoiita BRB. Ukipiga sarafu zako leo hii, mwongozo huu hautakutoa mikononi mwa polisi. Soma basi kama mtu anayejifunza kuzima moto kabla nyumba haijashika.

Vita humeza chenji kabla hata havijameza chakula. Shaba inatakiwa kwa maganda ya risasi. Meli za kuleta sarafu zinazuiwa. Na mwenye fedha halisi anaifukia, kwa kuwa hajui serikali ya mwezi ujao itakuwa ya nani. Noti kubwa zinabaki zikizunguka, na maskini, ambaye maisha yake yote yamo katika vipande vidogo, anakosa cha kununulia chumvi. Mwenye shehena ya kahawa hana haja na chenji. Anayeihitaji ni mwenye ndizi tano za kuuza, na ndiye ninayekuomba umkumbuke katika kila hatua utakayosoma hapa.

Gitega yenyewe imewahi kuwa ndani ya vita vya namna hiyo. Wajerumani walihamishia makao ya utawala wao wa Urundi hapo mwaka 1912, wakitoka Usumbura, Bujumbura ya leo. Pesa yao ilikuwa rupia, na rupia moja ilikuwa na heller 100. Heller hizo zilipigwa mbali sana: zenye herufi A zilitoka Berlin, zenye J zilitoka Hamburg. Vita vilipoanza Agosti 1914, manowari za Waingereza zikaufunga mwambao, na koloni zima la Afrika Mashariki ya Kijerumani likajikuta na watu wengi wa kulipwa, askari na wapagazi, na pesa kidogo ya kuwalipa.

Walichofanya ndicho unachotaka kufanya wewe. Deutsch-Ostafrikanische Bank, benki ya binafsi iliyokuwa na ruhusa ya kutoa noti tangu 1905, ikaanza mwaka 1915 kuchapisha noti za muda hapa hapa Afrika, kwa karatasi yoyote iliyopatikana. Mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kiwanda cha sarafu. Pale zilipigwa heller 20 za shaba nyekundu na za shaba njano, na heller 5, zenye taji, herufi D.O.A. (Deutsch-Ostafrika, jina la koloni) na alama ndogo ya T ya Tabora. Dhahabu ya mgodi wa Sekenke nayo ikapigwa kuwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, ambazo leo wakusanyaji sarafu wanazigombania kwa bei za kutisha.

Sasa linganisha tarehe. Usumbura na Gitega zilichukuliwa na Wabelgiji Juni 1916. Tabora ilianguka tarehe 19 Septemba mwaka huohuo. Mwaka uleule mashine za Tabora zilipogonga heller, Gitega iliingia mikononi mwa watu wengine, waliokuja na faranga ya Kongo. Mfanyabiashara wa Gitega aliyekuwa na kopo lake la heller akabaki na ahadi ya serikali iliyoondoka mlangoni mwake kabla chenji aliyoahidiwa haijamfikia. Wakikumbuka vita vile, wengine wanawaza majenerali. Mimi namwaza huyo mwenye kopo.

Mwaka 1917, Wajerumani wakirudi nyuma kuelekea kusini, noti zilichapishwa porini kwa herufi za mpira, zile za kuchezea watoto. Mpagazi aliyebeba mzigo mchana kutwa akapewa karatasi hiyo. Alishika ahadi ya koloni lililokuwa linakimbia.

Jina lako liwe juu yake

Usidhani kwamba mfanyabiashara kutoa sarafu ni uzushi. Ukanda wetu ulianza hivyo. Imperial British East Africa Company, kampuni ya biashara, ilitoa paisa zake za Mombasa mwaka 1888. Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft, kampuni nyingine ya biashara, ilitoa pesa za shaba za mwaka 1890 hadi 1892, pesa 64 kwa rupia, na juu yake pameandikwa kwa herufi za Kiarabu kwamba ni za kampuni ya Wajerumani. Serikali ya Wajerumani ilikuja kuichukua kazi hiyo baadaye, ikaleta heller mwaka 1904. Kwa miaka zaidi ya kumi, chenji ya mtu wa Bagamoyo ilikuwa mali ya wafanyabiashara waliokuwa na wanahisa Berlin.

Hao walikuwa na mizinga nyuma yao. Wewe huna, kwa hiyo jina lako ndilo litakalofanya kazi ya mizinga. Liandike kubwa juu ya kibati chako, yaani ile sarafu ya duka utakayoitoa. Andika duka lako liko wapi, mtaa gani, jirani na nini. Kibati kisicho na anwani ni wizi uliopigwa mhuri.

Na kwa kuwa si kila mteja anasoma, weka picha. Uingereza, wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe na miaka iliyofuata, kati ya 1648 na 1672, serikali haikutoa chenji ya kutosha, na wenye maduka na vilabu wakatoa vibati vyao vyenye alama iliyoning'inia mlangoni mwa duka. Aliyeona simba kwenye kibati alijua akirudishe kwenye mlango wenye simba. Vingine vilikuwa na umbo la moyo, vingine pembe nane, ili hata kidole gizani kikitambue. Sayyid Barghash wa Zanzibar aliweka mizani kwenye paisa yake ya mwaka 1299 Hijria, yaani 1882, na sijui picha nzuri kuliko hiyo kwa mtu anayeuza kwa kipimo.

Kwa Gitega usiweke ngoma. Ngoma za Gishora ni za nchi, na duka la sabuni halina ruhusa ya kuzikopa. Weka jembe, weka baiskeli, weka parachichi. Kwa Muyinga weka gunia la kahawa ikiwa kweli unauza kahawa. Kama huiuzi, usiiweke.

Umbo nalo liwe mbali na sarafu ya serikali. Mwaka 1943, Ubelgiji ikiwa imekaliwa na Wajerumani, sarafu ya faranga 2 ya Kongo ya Kibelgiji ilipigwa Philadelphia, Marekani, kwa shaba njano: pembe sita, na tembo anayetembea. Urundi ilitumia pesa hiyohiyo ya Kongo. Sarafu ya pembe sita mfukoni haichanganyiki na nyingine hata kwa mzee asiyeona. Kibati chako kitendee hivyo. Ukikifanya kifanane na sarafu halali, wewe si mwokozi wa soko tena. Wewe ni mghushi.

Chuma cha kutengenezea

Hapa wengi wataniambia: tumia vizibo vya soda. Vipo, ni vya chuma, havilowani. Usitumie. Brarudi, kampuni ya bia ya Primus na soda, ina kiwanda hapo hapo Gitega, na mvulana yeyote mwenye subira anaweza kuokota gunia la vizibo kwenye baa za mjini kwa wiki moja. Pesa inayookotwa chini si pesa.

Lakini tazama kinachokaa chini ya kizibo: chupa yenyewe. Kwa maoni yangu chupa tupu ya Primus ni kibati bora kuliko vyote vilivyopata kutolewa na mfanyabiashara katika nchi hii, na hatuisemi kwa sababu tumeizoea. Ukitaka kuondoka na chupa, unaacha pesa. Ukiirudisha, unarudishiwa. Mwenye baa anaipokea kutoka kwako, mwenye ghala anaipokea kutoka kwake, na kiwandani inapokelewa kwa kuwa wanaihitaji kwa kuijaza upya. Hakuna fundi wa mtaani awezaye kuipuliza chupa hiyo. Tena angalia tabia za watu: chupa haitupwi. Inawekwa pembeni, inahesabiwa, inagombaniwa mtu akihama nyumba. Kreti ya chupa tupu chini ya kitanda ni akiba inayojulikana na kila mke na kila mume.

Chupa ina thamani kwa sababu aliyeitoa anaitaka irudi. Kibati chako nacho kitake kirudi. Siku utakayoanza kuomba kimyakimya kisirudi, kipotelee shambani, kiangukie mtoni, umeshaharibika.

Kwa hiyo tafuta fundi wa mabati, wale wanaogeuza makopo kuwa vibatari na mapipa kuwa mabeseni. Kibati kikatwe kutoka kwenye kipande cha shaba njano au bati nene, kikwaruzwe pembeni kisimkate mtu kidole, kipigwe mhuri wa chuma ambao unalala kwako, kwa fundi usiuache. Karatasi iache. Mvua za Machi na Aprili hazibagui ahadi. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mwaka 1862, watu walianza kulipana kwa stempu za barua, zikawa zinagandana mifukoni kwa jasho, hadi mtu aitwaye John Gault akabuni kijisanduku cha shaba njano chenye kidirisha cha ulanga, stempu ionekane bila kuguswa. Nyuma ya kijisanduku akauza nafasi ya matangazo kwa wafanyabiashara. Alikuwa na akili, lakini kila kimoja kilimgharimu zaidi ya ile stempu, na kwa chenji ya senti moja gharama hiyo haibebeki.

Ahadi

Hapa ndipo ninapotaka uketi.

Mwaka 1787 kampuni ya mgodi wa shaba wa Parys, kule Anglesey katika Wales, ilikuwa na wafanyakazi wa kulipwa na serikali isiyopiga shaba. Ikatoa peni zake nzito. Juu yake iliandika kwamba inaahidi kumlipa mwenye nayo peni moja, na ukingoni, kule ambako watu huwa hawaangalii, ikaandika kuwa italipwa ikidaiwa London, Liverpool au Anglesey. Uzito wa shaba ulikuwa wa haki, na mahali pa kudai palitajwa. Watu wakazipokea mbali na mgodi.

Sasa msikie mwingine. Gustavus Lindenmueller alikuwa na baa mjini New York. Mwaka 1863, senti zikiwa zimefichwa majumbani kwa hofu ya vita, alitoa vibati vyake zaidi ya milioni moja. Vilikuwa vizuri, vyenye sura yake, mzee mwenye ndevu. Watu wakavitumia kila mahali, hata kulipia nauli ya reli ya mjini ya Third Avenue. Kampuni ya reli ikakusanya vingi, ikampelekea avibadilishe kwa pesa halali. Akakataa. Hapakuwa na sheria ya kumlazimisha. Vibati vya namna hiyo nchini mwake hukadiriwa kufika milioni 25, na mwaka 1864 Bunge la Marekani likavipiga marufuku.

Lindenmueller mbele ya sheria hakuwa na kosa. Mimi namhukumu hata hivyo. Kila kibati alichotoa kilikuwa mkopo: mtu alimpa senti ya kweli, au bia ya senti ya kweli, akapokea kipande cha shaba chenye ndevu. Alikopa kwa watu zaidi ya mara milioni moja, bila riba na bila kuwaambia kuwa wanamkopesha. Reli ilikuwa na wanasheria na bado ilishindwa. Mfulia nguo aliyekuwa na vibati vitatu alikwenda kwa nani?

Basi andika kwenye kibati chako: kinalipwa. Kisha kilipe. Ukitoa vibati 200 vya faranga 100, maana yake kuna faranga 20,000 ambazo si zako. Zitie kwenye kasha lao, mbali na mtaji, mbali na ada ya shule, mbali na mchango wa harusi ya shemeji. Siku mteja akija na vibati thelathini kwa mkupuo na uso wa mashaka, mhesabie faranga 3,000 mbele ya watu, bila kukunja uso na bila kumuuliza kavitoa wapi. Ukimlipa mmoja hadharani, ishirini watarudi nyumbani na vibati vyao wametulia. Usitoe kibati kinachozidi noti uliyo nayo kwenye kasha. Hata kimoja.

Na usimlazimishe mtu. Mteja akisema hataki kibati, mwambie aende na bidhaa, chenji iandikwe kwenye daftari kwa jina lake, asaini au aweke alama, na nakala apewe. Daftari ni kongwe kuliko benki zote na linafanya kazi hata wakati wa amani, bila kuvunja sheria yoyote. Kutuma chenji kwa simu nako kunafaa ikiwa kiasi kinatosha. Kwa vipande vidogo sana makato humla mteja, na hapo wewe mwenye duka ubebe makato. Kosa la kukosa chenji ni la kopo lako. Yeye alileta pesa.

Majirani

Kibati cha duka moja ni kamba ya kumfunga mteja: lazima arudi kwako, hata kama chumvi yako imepanda. Ukitaka kiwe chenji kweli, kitembee. Ongea na mwenye duka la pili, na mwenye kinu cha kusagia unga, na vijana wa baiskeli. Kubalianeni kupokea vibati vyenu wote, na kila jioni ya siku ya soko mkutane kulipana tofauti. Muweke kasha moja lenye kufuli mbili, funguo kwa watu wawili wasio wa ukoo mmoja.

Gitega haipaswi kufundishwa jambo hili na mgeni. Mwana wa mfalme aliyezaliwa hapo mwaka 1932, Louis Rwagasore, mwaka 1957 alianzisha vyama vya ushirika vya wafanyabiashara Waafrika, akishirikiana na Waswahili wa Usumbura, ili mwenye duka dogo aweze kununua na kukopa bila kupigishwa magoti. Aliuawa Oktoba 1961. Ndiye aliye kwenye noti ya faranga 100, hiyo hiyo unayoitafuta kila asubuhi. Zile za zamani zimekunjwa hadi zimekuwa laini kama kitambaa cha kufutia meza, nyingine zimeungwa katikati kwa gundi ya karatasi. Mtu huyo alitaka wenye maduka washikane. Nikiona noti yake inakataliwa kaunta kwa kuchanika, na mteja anapewa pipi badala yake, naumia.

Usikipeleke kibati chako mbali kuliko jina lako linavyofika. Cha Gitega kisivuke Karuzi kwenda Muyinga, kwa kuwa Muyinga hawakujui, na aliyekibeba atapata hasara ya nauli kukirudisha. Na wewe wa Muyinga una shida nyingine: ukikaribia Kobero, shilingi ya Tanzania inakutana na faranga, na kibati chako kitaulizwa ni cha faranga au cha shilingi. Andika ni cha faranga. Usiseme "kitalipwa kwa pesa itakayokuwepo". Maneno hayo ndiyo yanayotumiwa na wenye nia ya kutolipa.

Kuzima benki yako

Sarafu na noti ndogo zikirudi, benki yako ife. Hii ndiyo hatua ngumu, kwa kuwa utakuwa umeanza kuionea fahari. Hata serikali hukosea hapa. Juni 2023 BRB iliziondoa noti za faranga 5,000 na 10,000 za toleo la 2018, na wenye nazo wakapewa siku 10 kuzipeleka benki. Aliye mjini alipanga foleni. Aliye mlimani, asiye na akaunti, ilibidi atafute wa kumsaidia, na msaada wa namna hiyo huwa na bei yake.

Wewe toa miezi mitatu. Tangaza siku ya soko kwa kipaza sauti, tangaza baada ya misa, tangaza baada ya sala ya Ijumaa, mtume mtoto wa duka kwenye vilima ambako wateja wako wanatoka. Bandika mlangoni tarehe ya mwisho na picha ya kibati chenyewe. Kila kinachorudi kitobolewe tundu la msumari palepale, mbele ya mwenye nacho, kisitoke tena. Tarehe ikifika, hesabu vilivyorudi. Ulitoa 200, vimerudi 181. Zile faranga 1,900 zilizobaki kwenye kasha usizihamishie kopo la chenji. Ziache humo mwaka mzima na uandike ukutani kwamba bado zipo, maana kuna mama wa Giheta aliyeshona kibati chake kwenye pindo la kitenge, na atakikuta siku atakayofua.